Nyumba ya Shamba: Turudi Katika Asili Ipi?

Ndugu na jamaa wa ukoo wetu,

Tangu picha za nyumba ya shamba ya Unguja zilipotufikia hapa Maskati, shauri limekuwa moja: zichangwe fedha, kuta zilizozidishwa zibomolewe, nyumba irudi katika asili yake. Nami nilijaaliwa kuizuru mwaka jana, na tangu hapo najiuliza: asili ipi?

Sehemu kongwe ni ukumbi wa kati na vyumba viwili vya ubavuni. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa urefu wa boriti una mpaka wake, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Vidaka ambamo marehemu bibi yetu aliweka msahafu na taa vingali vipo. Mbele ya baraza imetandazwa sakafu iliyokuwa ikianikiwa karafuu.

Kando ya ukumbi pana ngazi ya mawe inayopanda na kukomea hewani. Wazee wetu walisimulia kwamba ilifika ghorofani, na kwamba ghorofa hiyo iliondoka na kimbunga cha 1872, kile kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Haikujengwa tena, juu ya ukumbi yakaezekwa makuti. Basi hata nyumba aliyozaliwa babu ilikuwa tayari imegeuzwa.

Nyuma ya kisima umebaki msingi wa banda refu. Wazee waliliita “banda la watu”, wasiongeze neno. Watu hao walikuwa watumwa, na sheria ya Unguja iliutambua utumwa hadi 1897. Mikono iliyochuma karafuu zilizotulisha ilikuwa yao. Katika michoro ya ukarabati niliyoonyeshwa, vidaka vimo na milango ya nakshi imo, banda halimo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitwaliwa na serikali, mashamba yakagawiwa eka tatu tatu. Leo nyumba ina familia tatu. Ukumbi umekatwa kwa matofali ya saruji, makuti yamekuwa mabati, upande mmoja wa baraza umekuwa jiko. Bimkubwa mmoja alinikaribisha kwa chai, kisha akaniambia kwa upole: “Mwanangu, ukuta huu kaujenga marehemu mume wangu. Mkiubomoa, wajukuu walale wapi?”

Sikuwa na jawabu la kumpa, wala sidhani ami zangu wanalo.

Yapo yanayohitaji kutengenezwa kweli. Saruji iliyopakwa juu ya kuta za zamani huzuia unyevu usitoke; plasta hubanduka, na mawe huoza kwa ndani. Paa linavuja. Rai yangu ni kwamba mchango wetu, wenyeji wakiridhia, ununue chokaa na mabati, umlipe fundi ajuaye kazi ya chokaa, na usiguse ukuta hata mmoja unaomsitiri mtu. Msingi wa banda nao ufyekewe majani na uandikwe katika kumbukumbu zetu kwa jina lake halisi.

Tutakapokutana baada ya Idi, naomba hili lizungumzwe kabla ya bakuli la mchango kupitishwa.