Waya Kwanza, Batri Nyuma

Kijana alipanga bodi mbili juu ya meza ya kulia, nyumbani Kikula, mjini Likasi, Kongo, akaanza kuchomeka betri kwenye moja wakati antena ingali ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mwandishi wa makala haya akamshika mkono. "Waya kwanza, batri nyuma." Redio ikipeleka mawimbi bila antena, nguvu hukosa pa kutokea, ikarudi ndani kuunguza kifaa. Kijana ni mtoto wa mdogo wake, mwanafunzi wa elektroniki, na alishangaa. "Papa, hiyo ulifundishwa wapi?" Kisha akasema neno lililoudhi: kwamba akimaliza kuiandaa seti hii ya maonyesho, itakuwa mara ya kwanza Likasi kuona habari ikisafiri kwa redio pasipo kampuni ya simu.

Mara ya kwanza! Katika mji uliolelewa na foni!

Foni haikuwa simu. Ilikuwa redio ya masafa mafupi, wati 100, imewekwa juu ya meza ya mbao katika chumba kimoja, na watu walikuja kulipia dakika. Mwandishi alidhani mara yake ya kwanza kuingia humo ilikuwa 1991. Daftari la matumizi la mama yake linasema Machi 1992, siku mama alipotaka kusema na kaka yake aliyekuwa Kamina. Iwe hivyo. Mwezi haukubaki kichwani. Kilichobaki ni chumba.

Kilinuka asidi ya betri. Betri mbili za lori zilikaa sakafuni juu ya ubao, vifuniko wazi, zikichemka kidogo kwa umeme wa sahani ya jua iliyokuwa juu ya bati. Juu ya harufu hiyo ilikaa nyingine, ya risasi ya kulehemu, na upepo ukigeuka kutoka kiwanda cha Shituru ilikuja ya tatu, ile inayokwaruza koo ambayo kila aliyezaliwa Likasi anaijua. Mwenye chumba alikuwa mstaafu wa reli. Watu walimwita Papa wa foni, na mwandishi hakuwahi kusikia akiitwa vingine. Alivaa koti hata Oktoba, mwezi wa joto kali. Kabla hajakupa kipaza sauti alikuuliza: "Una maneno mangapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Kupokea kulikula umeme mdogo. Kusema ndiko kulikokausha betri. Kwa hiyo aliwapa wateja kipande cha karatasi ya sukari waandike kwanza, naye akakata. "Tunawasalimu wote nyumbani, kaka na shemeji na watoto" ikawa "Salamu." "Mtoto wa pili ameanza kupona tangu juzi" ikawa "Mtoto amepona." Mama alikasirika sana siku ya kwanza. Baadaye alijua kukata mwenyewe, na hadi kufa kwake barua zake zilikuwa fupi kuliko za mtu yeyote katika ukoo.

Wala haikutosha kuwa na maneno. Ilibidi kuwa na saa. Mtoto wa huko Kamina alitumwa kumwita mjomba, na mjomba alipaswa kuwa amekaa mbele ya redio yao saa nne kamili. Asiyefika saa yake alisubiri kesho, kwa sababu mkondo ni mmoja na miji ni mingi. Ulibonyeza, ukasema, ukaachia, ukangoja. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikika. Na kila aliyekuwa mkondoni, Kolwezi au Mwene-Ditu, alisikia habari zenu, hivyo hata msiba ulitangazwa kwa adabu: "Njooni upesi, Baba anawaita." Kila mtu alielewa, na mkondo mzima ulinyamaza kidogo.

Miaka ile watu wenye asili ya Kasaï walipofukuzwa na kulala stesheni wakingoja treni za kuwapeleka huko, Papa wa foni alisoma majina jioni, bila malipo. Jina, kisha "amefika" au "bado." Hakuna neno jingine.

Aliwafundisha vijana waliokaa mlangoni, mwandishi akiwa mmoja wao. Antena yake ilikuwa nyaya mbili za shaba zilizofumuliwa kutoka mota mbovu, zimefungwa kati ya mwembe na nguzo. Urefu wake aliupata kwa hesabu ya kichwa: chukua 143, gawanya kwa megahezi, unapata mita. Kwa megahezi 7, mita 20 na kidogo, kumi kila upande. Mchana alitumia masafa ya juu, jioni akashuka, maana tabaka la angani linalorudisha mawimbi duniani hubadilika jua linapozama. Leo waya wa shaba wa namna hiyo usingelala nje usiku mmoja. Ungekuwa kwenye mzani wa wanunuzi wa vyuma kabla ya alfajiri. Na kijana anayetaka kusema "nimefika" anatuma sauti ya dakika tatu.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Celtel, kisha Vodacom mwaka 2002, minara vilimani, kadi za yuniti mikononi mwa watoto wa barabarani. Chumba kiligeuka pa kuchajia simu. Papa wa foni akafa. Mwaka jana nyumba ilivunjwa, na hapo mbele panauzwa vifuniko vya simu.

Ndiyo maana mwandishi alivuta kiti akakaa mezani pa kijana.

Teknolojia iliyomo kwenye seti inaitwa LoRa. Ilibuniwa na kampuni changa ya Grenoble, Ufaransa, Cycleo, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Huko Nyeri, Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wameitumia kupima kina cha mto Muringato. Bodi hutuma kwa miliwati 25 hivi, mara 4,000 chini ya redio ya Papa wa foni, na husikika kilomita kadhaa kwa kuwa husema polepole. Kadiri inavyosema polepole ndivyo inavyofika mbali: ujumbe uleule mdogo huchukua chini ya moja ya kumi ya sekunde katika mwendo wa haraka, na zaidi ya sekunde moja katika mwendo wa mwisho. Katika masafa ya megahezi 868 yanayotumika Ulaya, sheria huibana sehemu kubwa ya mkondo kwa sekunde 36 tu kwa saa. Bodi huamka, hupima, hutuma, hulala tena.

Kijana alikuwa ameandika programu inayotuma sentensi nzima: "Joto la maji ya tanki ni nyuzi 27.4." Mwandishi alimuuliza ana maneno mangapi. Alielewa polepole. Alizidisha 27.4 kwa kumi, ikawa 274, akaiweka katika baiti mbili. Kina cha maji, baiti mbili nyingine. Sentensi ilikuwa na baiti zaidi ya thelathini. Sasa ni baiti nne, na sentensi inaandikwa na kompyuta inayopokea. Kisha akaiamuru bodi ilale dakika 15 kati ya ujumbe na ujumbe. Hapo aliona mwenyewe betri itakavyodumu.

Mezani kila kitu kilifanya kazi. Walipofunga bodi kwenye tanki la jirani na kupeleka lango, kifaa cha kupokelea ujumbe, upande wa pili wa kilima, kimya. Kijana alikagua funguo za siri, akabadilisha mwendo, akapakia programu upya mara tatu. Mwandishi hajui kuandika programu. Alitazama waya.

Ulikuwa na sentimita 17.

Wimbi la megahezi 868 lina sentimita 34 na nusu, na robo yake ni 8.6. Waya wa 17 ni robo ya wimbi la 433, masafa mengine yanayouzwa katika maduka yaleyale, kwenye vifuko vilevile. Kijana alichukua rula na mkasi, akakata, akaunganisha waya kwanza, betri nyuma. Baada ya dakika 15 namba zilitokea upande wa pili wa kilima: 26.9, na maji nusu tanki.

Jioni aliomba aonyeshwe palipokuwa foni. Walisimama mbele ya kibanda cha vifuniko vya simu. Mwembe bado upo. Kwenye tawi lake la chini shaba inaingia upande mmoja wa gome na kutokea mwingine. Mti umeimeza, na hakuna aliyeweza kuichomoa.