Kabla hamjampeleka bweni

Mwanangu mpendwa,

Sisi wa Ngamiani, Tanga, hatujambo, mvua zimeanza na sukari yangu imetulia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema mjukuu wangu akishafanya mtihani wa darasa la nne, Januari anakwenda bweni, kwa kuwa nyumbani hamna wa kukaa naye. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili nataka ulisome na mkeo mkiwa mmetulia.

Sisemi kwamba zamani ndiko kulikokuwa kuzuri. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu, na zamani naijua kwa majina ya watoto tuliowazika. Surua ikiingia mtaani ilikuwa haitoki mikono mitupu. Mama yetu alizaa tisa, tukakua sita, na akahesabiwa mwenye bahati. Hata juzijuzi tu, utafiti wa afya wa mwaka 2004/05 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai hawafikishi miaka mitano. Ule wa 2022 umekuta 43. Hapo kati zimepita chanjo, vyandarua, na kina baba wa aina yako. Baba yako, Mungu amrehemu, alikupenda sana, lakini sikumwona hata siku moja amekubeba mbele za watu. Wewe mwanao umemwogesha, na foleni ya kliniki umekaa naye umeshika kadi. Asikucheke mtu kwa hilo.

Bakora nazo sizililii. Siku zetu mtu mzima yeyote wa mtaa alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, na ukifika nyumbani ukisema, unaongezwa. Watu husimulia hayo kwa fahari. Mimi nakumbuka utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009: wasichana karibu watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto aliyezoea kwamba akisema ataongezwa, hata zito la namna hiyo halisemi. Nimewapokea kliniki, wameletwa tumbo limeshaonekana, na mama ndiyo kwanza anasikia.

Kilichotuokoa wengi wetu ni kwamba hatukulelewa na wazazi peke yao. Kulikuwa na bibi. Kwa baba ulinyamaza, kwa mama ulijibu ulichoulizwa, kwa bibi ulisema. Utani wa bibi na wajukuu haukuwa mchezo mtupu: yule aliyekuita mke mwenza, akakutania mpaka ukakaa chini kwa kicheko, ndiye uliyeweza kumwambia la aibu. Bibi yetu alikuwa akikaa uani juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi mbele yake na ungo nachagua mchele. Yeye macho kwenye kifuu, mimi macho kwenye chuya, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Ungo ukifika nusu nimeshamweleza yote: nani kanipiga chuoni, nani kaniita nyuma ya ukuta nikakimbia. Siku ya hilo la ukuta alinisikiliza, akamaliza nazi yake, akajitanda kanga, akatoka. Mtu yule hakupita tena barabara yetu kwa muda mrefu.

Ndiyo maana nakwambia mtoto hasemi kwa kuitwa kikao. Mketishe kochini umuulize, "Shuleni vipi?" atakujibu "Poa," basi. Maneno humtoka mikono ikiwa na kazi.

Sasa tuje kwako. Nilipokuja Mbezi, basi la shule lilikuwa likipiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado, mtoto anavalishwa soksi huku amelala. Anarudi saa kumi na moja jioni. Madaftari, chakula, katuni. Wewe na foleni ya Barabara ya Morogoro unafika saa tatu, keshalala. Aliyekuwa akizungumza naye ni dada wa kazi. Dada yule alipoondoka, mjukuu wangu alilala na kitenge chake juma zima. Mkamwambia ataletwa mwingine. Akaletwa, naye akaondoka. Na hao madada wenyewe ni mabinti wadogo, nao wanahitaji wa kuwasikiliza.

Sikulaumu, maisha ya Dar nayajua. Lakini litazameni hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa nchi hii alizaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8, na mijini ulikuwa pungufu ya hapo. Nyinyi mna mmoja. Matumaini ambayo sisi tuligawana sita yamewekwa juu yake peke yake, pamoja na tuisheni ya Jumamosi. Vitu anavyo kuliko tulivyokuwa navyo sisi sote. Alichopungukiwa ni watu, na sasa mnataka kumwondolea hata hawa wachache alio nao.

Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Sioni kwamba siku ya kwanza ya darasa la tano inampa mtoto moyo mwingine. Atafundishwa vizuri huko, sina shaka. Ila mtu mzima wa hapo akimfanyia lisilofaa, atalipeleka wapi? Kama hajazoea kukuambia madogo, simu ya Jumapili ya dakika tano, wenzake wamesimama nyuma yake wakingoja zamu, haitamfundisha kukuambia makubwa.

Msilipe ada ya bweni kwanza. Tafuteni shule ya karibu, hata kama haina jina, apate kulala mpaka jua litoke. Jumapili ingia naye jikoni mmenye viazi, na usimhoji. Na mpateni mtu mzima mwingine mmoja wa kudumu, anayempenda na mnayemjua vilivyo. Dada ya mkeo aliye Kimara angefaa sana. Awe anakwenda kwake bila nyinyi, na akirudi msimuulize walizungumza nini.

Likizo ya Desemba mleteni Tanga. Nguo za kutokea msimfungashie nyingi, hapa atakwenda sokoni na kushinda uani. Mwekeeni ndala, kadi ya bima na dawa yake ya pumu. Vitabu vya tuisheni vibaki huko. Nauli nitatuma mimi, na stendi ya Kange nitampokea mwenyewe.

Wasalaam,
Shangazi yako