Pikipiki ya Bwana Shamba

Kama umewahi kupita Mji Mpya, hapa Morogoro, saa kumi na moja alfajiri ukasikia kitu kinalia kama msumeno unaokata mti mbichi, tafadhali tusamehe. Ni sisi. Ni Yamaha AG 100 ya marehemu baba, na asubuhi haikubali kuwaka mpaka uipige kiki kumi na tano.

Baba alikuwa bwana shamba kule Mgeta, milimani Uluguru. Alipostaafu akainunua mnadani pikipiki ile ile aliyokuwa akiiendesha kazini. Alipofariki mwaka 2019 tukaiegesha nyuma ya choo, kuku wakaanza kutagia kwenye keria ya mbele. Mwaka 2023 akaja mnunuzi wa chuma chakavu, akamtajia Mama shilingi 60,000. Ada ya mdogo wetu wa kike ilikuwa inadaiwa.

"Wanangu, nawapa mwezi mmoja," Mama alisema. "Itembee au iende."

Kaka alitaka ya kubebea mboga, kuzitoa Mgeta kuzileta sokoni mjini. Boxer mpya inakwenda zaidi ya milioni mbili, nasi hatukuwa nazo. Mimi nilikuwa na 180,000. Nilimaliza kidato cha nne (matokeo tuyaache) na pesa ile niliidunduliza kwa kuuza maji stendi ya Msamvu ili nikachapishe riwaya yangu, kurasa mia mbili na kitu za mkono. Nilikaa nazo siku tatu bila kumwambia mtu. Siku ya nne nikampa kaka.

Basi, tukamwita fundi. Mzee huyu anazijua hizi tustroki tangu enzi zake. Boxer huwaka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Tustroki huwaka kila mzunguko. Ndiyo maana injini ya cc 97 tu ilimpandisha baba milimani na magunia ya mbegu. Ubaya wake, oili ya pistoni inaungua pamoja na petroli, ndiyo ule moshi. Yamaha waliweka pampu ya kuivuta oili kutoka kwenye tangi lake; utaalamu huo waliuanza mwaka 1964. Pampu yetu ilikuwa imekufa, na bei ya nyingine usiniulize. Tukaiziba tukawa tunachanganya wenyewe kwenye dumu: petroli lita 5, oili mililita 200. Ukisahau oili, pistoni inang'ang'ania ndani na safari imeisha.

Tulipofungua silinda tukaona mikwaruzo ya kupitisha kucha. Fundi akafuta masizi juu ya pistoni, akanionyesha tarakimu: 75.

"Unaona, mwandishi? Silinda hii imeshachongwa. Kila ukiichonga unaweka pistoni nene zaidi, robo milimita kwa robo milimita. Hapa imebaki mara moja tu. Baada ya hapo chuma kimekwisha."

Pistoni na ringi 45,000. Kuchonga 30,000. Nikaona sura nzima nzima za riwaya zinaondoka.

Kaka naye akaja na lake. Alitaka tukate silensa ilie kama za vijana wa kijiweni. Fundi alicheka sana. Kumbe kwenye tustroki eksozi si bomba la kutolea moshi tu. Mshindo ukitoka unagonga mwisho wa bomba, unarudi, na unapiga teke ile petroli mbichi iliyotaka kutoroka, inarudi ndani ya silinda. Ukikata, unapata kelele na nguvu inapungua. Tukaichoma tu kwenye moto wa mkaa mpaka masizi ya miaka yote yakatoka kama magamba. Gharama: mkaa wa Mama, na maneno yake.

Kwa ajili ya mlima tulitafuta spoketi kubwa ya nyuma. Tuliipata kwenye pikipiki mfu ya aina nyingine kwa 8,000, tukatoboa matundu mapya. Ikagoma kuingia ndani ya lile kasha la cheni, tukalivua kasha. Sasa inapanda vizuri, lakini mwendo umepungua na cheni inakula vumbi. Huwezi kupata vyote.

Ilibaki klachi. Fundi akafungua ubavu wa injini, akaichambua gasketi kwa bisibisi, taratibu, akaniambia niifute nimkatie nyingine kwa kufuatisha ile. Haikuwa ya dukani. Ilikuwa manila, imekatwa kwa wembe. Nikaifuta oili nikaona maandishi ya penseli: "Sura ya Pi". Halafu tundu la nati.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilipokuwa kidato cha pili lilipotea daftari langu la hadithi. Nilimpiga kaka kwa ajili yake, tukanuniana wiki nzima, na baba alikuwa amekaa pale pale sebuleni anakula. Hakusema kitu. Ni yeye aliyeniambia hadithi hazijazi sufuria. Daftari lilifikaje Mgeta?

"Alikuwa analisoma huko," kaka alisema. "Angelibebea nini sasa?"

Fundi akaishika gasketi kwa vidole viwili. "Mzee alichagua unene. Karatasi nzuri hii."

Nikaingia ndani nikatoa jalada la mswada wangu, manila ya bluu, nikampa. Akalipima kwa kidole akanirudishia. "Nyepesi, litavuja." Akakata boksi la betri.

Pikipiki iliwaka siku ya ishirini na sita. Mama alitoka na kanga imefungwa kifuani, akasimama mlangoni moshi ukimfuata mpaka ndani, hakusema lolote. Ilipozimika akasema, "Iwashe tena."

Kaka hushuka na mboga mara tatu kwa wiki, ada inalipwa kwa vipande. Riwaya bado iko kwenye mkono. Upande wa klachi panavuja kidogo, tone moja moja, nami nimeweka kopo chini.