Nani wa Kwanza, Nani wa Kumi na Sita

Kila mwezi wa Julai unapokaribia, mpwa wangu, ambaye anaishi nasi hapa kambini tangu alipoingia shule ya sekondari, hushikwa na homa isiyoletwa na mbu. Ni homa ya besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga kijipira kwa gongo, ambao siku hizi unachezwa katika baadhi ya shule zetu hapa Uganda. Jumapili moja alinijia barazani nikiwa napiga pasi sare za mke wangu (yeye ndiye askari polisi, mimi ni mtu wa mafaili), akanionyesha katika simu orodha ndefu ya majina ya vijana wa Marekani, kila jina na namba yake, kuanzia moja hadi mia.

"Mjomba," akasema, "wewe ulikuwa mwalimu. Hebu nieleze. Vijana hawa hawajacheza hata mchezo mmoja wa kulipwa. Huyu aliyewapanga, amejuaje?"

Nilimjibu kwa kumtuma mkaa.

Lakini swali la mtoto halifi kwa kutumwa mkaa. Usiku ule lilirudi na kuketi kitandani pamoja nami, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye, nami nikaanza kusoma habari za jambo hili. Niliyoyapata nimeona niwagawie wasomaji wa ukurasa huu, maadamu wengi wetu, tukiwa askari, watumishi au wazazi, tumewahi kupangwa katika orodha au kuwapanga wengine.

Timu kubwa za kulipwa za besiboli huko Marekani ni 30. Ili timu tajiri zisiwanyakue vijana wote hodari, uliwekwa mwaka 1965 utaratibu wa uteuzi: timu hutaja kwa zamu jina la kijana inayemtaka, na timu zilizofanya vibaya ndizo hutangulia kutaja. Wenyewe huuita drafti, neno ambalo kwetu ni la mchezo wa kete, na pengine halikukosea njia sana. Zamani mizunguko ya kutaja majina ilikuwa mingi mno. Tangu mwaka 2021 imekuwa 20, hivyo vijana mia sita na zaidi hutajwa kila mwaka. Wanaotajwa ni wale waliomaliza shule ya sekondari na wale wa vyuo vikuu. Kwa nafasi za mizunguko kumi ya mwanzo, kila namba hupangiwa kiasi chake cha fedha. Mwaka 2023 kijana wa kwanza kutajwa, mrushaji Paul Skenes, alitia sahihi kwa dola milioni 9.2. Namba, basi, ni shamba, ni nyumba ya mama, ni karo ya wadogo.

Kabla ya siku hiyo kuna kazi ya mwaka mzima ya wapelelezi wa vipaji. Nao huitwa kwa jina lile lile la askari wanaotangulia mbele ya kikosi kutazama njia. Mpelelezi huendesha gari toka mji hadi mji, akakaa katika viti vya mbao vya uwanja wa shule, mkononi ana daftari na saa, na kando yake kimashine cha kupima mwendo wa mpira uliorushwa. Huwapima vijana kwa mambo matano: kuupiga mpira kwa usahihi, kuupiga kwa nguvu, kukimbia, kudaka na kulinda eneo lake, na nguvu ya mkono wa kurusha. Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ndiyo alama ya mchezaji wa kawaida wa timu kubwa. Mtu aliyewahi kulala kifudifudi katika uwanja wa shabaha ataelewa: hakuna anayeuliza wewe ni mtoto wa nani, risasi imepita wapi ndilo swali.

Ila hapa shabaha yenyewe haijafika. Mpelelezi huandika alama mbili: ile ya leo, na ile anayodhani kijana ataifikia miaka mingi mbele. Ile ya leo ni kazi ya macho. Ile ya pili, ingawa imeandikwa kwa tarakimu kama mwenzake, ni ramli ya mtu msomi.

Na ramli imewaumbua wengi. Mwaka 1966 timu ya New York Mets ilikuwa na haki ya kutaja kwanza. Ikamtaja mdakaji aitwaye Steve Chilcott, ambaye aliumia na hakufika kamwe katika ligi kubwa. Timu iliyofuata ikamtaja Reggie Jackson, naye akaja kuuvusha mpira nje ya uzio mara 563. Mwaka 1991 aliyetangulia alikuwa Brien Taylor, kijana wa North Carolina mwenye mkono wa kushoto wa ajabu, akapewa dola milioni 1.55. Miaka miwili baadaye aliingia katika ugomvi akimtetea ndugu yake, bega likaharibika, na ligi kubwa akaisikia redioni kama mimi na wewe. Ni alama gani kati ya 20 na 80 ingeweza kuonyesha kwamba kijana huyu hataweza kusimama kando ndugu yake anapopigwa?

Mwaka 2013 wa kwanza alikuwa mrushaji Mark Appel. Wa 32 alikuwa Aaron Judge. Appel alihangaika, akauacha mchezo mwaka 2018, akaurudia, na ilipofika Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 30, ndipo aliporusha kwa mara ya kwanza katika ligi kubwa. Mwaka huo huo Judge aliuvusha mpira mara 62, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika ligi yake. Nimekuwa nikimwaza Appel zaidi kuliko Judge. Miaka tisa kutembea na namba moja mgongoni ni mzigo ambao sijui kama ningeuweza.

Mpwa wangu hupenda kisa cha Mike Trout, aliyetajwa wa 25 mwaka 2009. Yeye ni mzaliwa wa New Jersey, ambako baridi huchelewa kuondoka na michezo ya kumtazama kijana huwa michache kuliko katika majimbo ya jua. Timu ya Angels iliyomchukua ilikuwa na nafasi mbili zinazofuatana, ya 24 na ya 25, na hata wao wenyewe walimtaja mwingine kwanza. Albert Pujols naye alisubiri hadi mzunguko wa 13 mwaka 1999, akiwa mtu wa 402. Akamaliza kazi yake na mapigo 703 ya kuvuka uzio.

Lakini anayenichekesha na kuniudhi kwa pamoja ni Mike Piazza. Alitajwa katika mzunguko wa 62 mwaka 1988, jina la 1,390, na hata huko hakutajwa kwa sababu mtu aliona kipaji. Baba yake alikuwa rafiki wa Tommy Lasorda, kiongozi wa Dodgers, na jina likaingizwa kwa hisani. Sisi watumishi wa serikali tumefundishwa, na ndivyo ipasavyo, kwamba kazi ya kujuana ni sumu. Hata hivyo kijana huyu aliyepenya kwa mlango wa uani akawa mmoja wa wadakaji hodari kuliko wote waliowahi kucheza, na mwaka 2016 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Simtetei mtu wa kujuana. Nasema tu kwamba waliopita mlango wa mbele, majina zaidi ya elfu moja na mia tatu, walitangulizwa mbele yake na watu waliokuwa na saa, daftari na mashine.

Wapo wasiokuwamo katika orodha kabisa. Utaratibu huu wa uteuzi ni wa Marekani, Canada na Puerto Rico. Kijana wa kwetu hatajwi humo, bali husajiliwa moja kwa moja na timu itakayomwona. Itakayomwona! Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakanyimwa viza kwa sababu ya hitilafu katika karatasi za kuzaliwa kwao. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wa kwanza kutoka Afrika nzima, na wakawafunga wenzao wa Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2022 timu ya Dodgers iliwasajili vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Na mwaka 2023 Dennis Kasumba, mdakaji ambaye watu wengi duniani walimwona kwenye simu zao akifanya mazoezi kwa matairi makuukuu, alicheza Frederick, Maryland, katika ligi iliyoanzishwa mahsusi kwa vijana wanaotaka kuonwa. Mpwa wangu ameibandika picha yake juu ya kitanda. Matairi mawili yako nyuma ya jiko, na mke wangu amekwisha kujikwaa mara tatu.

Sasa nieleze kwa nini swali la mtoto lilininyima usingizi.

Nilipopata cheti changu cha ualimu nilipelekwa kufundisha shule ya msingi iliyo jirani na kambi ya jeshi, nikapewa na kazi ya michezo. Mwaka mmoja nilitakiwa kupeleka majina 15 ya wavulana kwa mashindano ya mpira wa miguu ya wilaya. Haikuwa safari tu. Ilijulikana kwamba shule moja ya sekondari ingechukua wachezaji kutoka timu hiyo na kuwasamehe karo. Nilikuwa kijana, nina filimbi mpya. Nikawakusanya wavulana uwanjani jioni moja, nikawakimbiza, nikawachezesha, nikaandika alama. Kesho yake nikabandika orodha ukutani kwa mwandiko mzuri, na kwa kuwa nilipenda ukamilifu, sikuishia kwenye 15. Niliwapanga wote 28.

Siku ya tatu baba wa kijana wa kumi na sita alikuja chumba cha walimu. Alikuwa sajini, mtu mrefu. Alivua kofia akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "sikuja kugombana. Naomba kujua jambo moja tu. Kijana wangu ulimtazama mara ngapi?"

"Mara moja, Afande."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi," akarudia. Alinyamaza kidogo, akitazama sakafu. Kisha akasema, "Asante, Mwalimu," akavaa kofia yake, akatoka. Alhamisi ile ilikuwa na nini nyumbani kwake hakuniambia, nami sikuthubutu kumfuata na kumwuliza.

Nimesoma kwamba timu za Marekani, inapohusu kijana wa nafasi za juu, hazitosheki na macho ya mtu mmoja. Mpelelezi wa eneo akishaandika, hutumwa wa pili, kisha mkubwa wao, na kijana hutazamwa akishinda na akishindwa. Wanaongea na mwalimu wake na wazazi wake. Na pamoja na hayo yote wanamkosa Piazza! Mimi nilikuwa na filimbi na Alhamisi moja. Kosa langu, nikilipima sasa, halikuwa kumweka yule kijana wa kumi na sita. Pengine ndiko alikostahili siku hiyo. Kosa lilikuwa kuibandika namba ukutani kana kwamba nimempima, hali nilikuwa nimempitia tu. Orodha yangu haikusema popote: nimewaona mara moja.

Nilitoka katika ualimu baada ya miaka minne na sasa niko katika ofisi ya wilaya. Huko nako kuna orodha. Nafasi moja ya karani huleta barua nyingi, nasi huketi watu watatu na kuzipanga toka juu hadi chini. Nimeanza kuandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa kila jina kile nilichokiona hasa na kile ninachokisia, na mwenzangu mmoja huniambia kwamba ninawachelewesha. Ni kweli, nawachelewesha.

Mwaka jana lori la jeshi lilisimama sokoni, dereva akateremka na kuja moja kwa moja kwangu, mwanamume kamili mwenye mabega. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," ingawa miaka si mingi kati yetu. Sikumtambua.

"Mwalimu hunikumbuki? Mimi ni kumi na sita."

Alilisema akitabasamu, nami nilitafuta pa kuyaweka macho yangu. Tulizungumza. Ana mke na watoto wawili. Baba yake amestaafu na anafuga kuku. Mwishowe nikajikaza, nikamwuliza habari za ile Alhamisi: alikuwa mgonjwa? Palikuwa na shida nyumbani?

Alifikiri, kisha akacheka. Alisema hakumbuki Alhamisi yoyote. Anachokumbuka ni namba tu. Akanipa mkono, akapanda lori, maana magunia yalikuwa yamekwisha kupakiwa na kambi ilikuwa ikingoja.