Moshi Tuliokuwa Tukiuficha kwa Udi



Leo hatuandiki habari za hina wala mishono ya mabuibui. Tunaandika jambo tulilolificha kwa miaka minne, na kabla ya kuliandika tulikaa sote watatu tukakubaliana: sisi ndugu wawili wa tumbo moja, na binti wa mama yetu mkubwa ambaye kwetu ni dada wa damu. Tulikuwa tunavuta. Na tulipotaka kuacha, tuligundua kwamba tumeshafungwa.

Tulianza katika usiku wa hina wa shoga yetu mmoja. Tulikuwa wanawake watupu kwenye nyumba ya kukodi karibu na pwani, taarabu inalia, mikono imekauka hina, na katikati ya mkeka ikaletwa shisha ya ladha ya tufaha. Tukaambiwa hii si sigara, ni matunda tu, tena maji yanachuja kila kibaya. Tukaamini, maana ilinukia vizuri na hapana hata mmoja wetu aliyewahi kushika sigara.

Dada zetu, maji hayachuji sumu ile. Nikotini inapita, na makaa yanayowekwa juu yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi inayochukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Shirika la Afya Duniani limetahadharisha kwamba katika kikao kimoja cha shisha mtu anaweza kuvuta moshi wa kiasi cha sigara 100 au zaidi. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku mwaka 2017. Sisi haya yote tuliyasoma baadaye, wakati kusoma peke yake hakutusaidii tena.

Kutoka usiku ule ikawa kila harusi, kisha kila wiki. Halafu zikaja zile sigara za umeme, ndogo kama kalamu, ladha ya embe. Hizo ndizo zilizotumaliza. Shisha inataka kikao, makaa na mahali pa kujificha. Hii ilitaka choo na dakika mbili tu. Kila mmoja wetu akawa na yake ndani ya mkoba, na chumbani chetezo hakikupoa. Tulifukiza udi asubuhi na jioni, na mama yetu akawa anatusifu mbele ya wageni: wanangu wanapenda kunukia, hao. Sifa ile ilituchoma kuliko matusi.

Ramadhani ndiyo iliyotuonesha sura yetu. Mchana tulifunga vizuri, alhamdulillah, na hapana aliyekufa kwa kukosa moshi kwa saa kumi na tatu. Lakini adhana ya Maghribi ikiadhiniwa, tende iko mdomoni na moyo uko kwenye mkoba. Siku moja mmoja wetu aliswali rakaa tatu za Maghribi mbio mbio, akatoka msalani kabla hata hajamaliza kuleta uradi, na wenzake tukajua anakwenda wapi. Hatukumwambia kitu. Tungemwambia nini, na sisi tulikuwa tunamngoja atoke ili tuingie?

Kisha posa ikaja, ya yule dada yetu wa mama mkubwa. Wazee wakauliza yale wanayouliza: kijana anaswali? Ana kazi? Ni wa ukoo gani? Hapana aliyeuliza kama anavuta, na kwa kweli anavuta, tena barazani, mchana kweupe, na watu wanampitia na kumsalimia. Hilo tuliliona ni dhulma, na bado tunaliona hivyo. Lakini dhulma ile haikuturuhusu sisi kuwa waongo.

Wiki ya harusi bi harusi wetu akafungiwa ndani na somo yake. Singo asubuhi, singo jioni, asumini kitandani, na kalamu yake ya moshi tumebaki nayo sisi. Siku ya kwanza akawa na kichwa kinachogonga. Siku ya pili akamfokea mdogo wake kwa ajili ya kanga iliyokunjwa vibaya, kisha akalia. Usiku hakulala. Ndugu wakasema ni wasiwasi wa bi harusi. Somo hakusema kitu. Siku ya tatu alitutoa watu wote chumbani isipokuwa sisi watatu, akafunga mlango.

"Mnavuta nini, wanangu?"

Tukanyamaza. Yeye akafungua kijaluba chake, akatandaza jani la tambuu, chokaa, popoo, katu, na mwisho akatuonesha kipande cheusi cha tumbaku katikati ya vidole vyake.

"Mimi hiki nakitafuna tangu sijamzaa mwanangu wa kwanza. Nimejaribu kukiacha mara mbili. Nawajua watu wanaokosa kitu chao kwa macho tu."

Hatujawahi kupewa heshima kama ile na mtu mzima. Hakutuita wahuni. Alimwambia bi harusi jambo moja: "Mwambie mumeo kabla pua yake haijamwambia." Kisha akaendelea kumsinga kama kawaida.

Akamwambia, kwa simu, siku mbili kabla ya nikahi. Sisi tulikuwa pembeni yake tumeshikana mikono, kwa sababu tuliogopa posa itavunjika na aibu itaingia nyumba mbili. Mchumba alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna lingine. Akaambiwa hapana. Akasema, "Basi hata mimi sina haki ya kukusema." Nikahi ikafungwa siku yake. Hatutawadanganya kwamba na yeye aliacha kuvuta siku ile ile. Anavuta mpaka leo, lakini hafanyi hivyo ndani ya nyumba, na hilo mkewe alilitaka kama sharti.

Tuwaeleze sasa tulichojifunza kuhusu ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu hudhani ni udhaifu wa imani tu. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta, na inaufundisha ubongo kuidai. Ukiikosa unapata hasira, huzuni, kichwa, njaa, na akili kutotulia. Siku tatu za mwanzo mara nyingi ndizo kali zaidi, kisha hali hupungua ndani ya wiki chache. Kwa hiyo bi harusi wetu hakuwa na jini wala wasiwasi. Alikuwa katika siku ya tatu.

Na kwenu mnaotarajia watoto, inshaallah: nikotini inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na inapita kwenye maziwa ya mama. Mama anayevuta yuko katika hatari zaidi ya kujifungua kabla ya wakati au kupata mtoto mwenye uzito mdogo. Tumbaku ya tambuu nayo haisalimiki. Inaleta saratani ya mdomo, na popoo yenyewe pia. Hilo tulimwambia somo. Alitusikiliza, akaitikia kwa kichwa, na bado anatafuna.

Yaliyotusaidia ni haya. Kwanza, tulizitupa zile kalamu zote siku moja, kila mmoja akishuhudia mwenzake. Pili, hamu ikija hudumu dakika chache tu kisha hupita. Tukawa tunazipitisha kwa tasbihi: 33, 33, na 34, polepole, bila haraka, kisha gilasi ya maji baridi. Mara nyingi tukimaliza, hamu imeshapungua. Tatu, karafuu moja mdomoni, au mswaki wa mti, kwa sababu mkono na mdomo vilizoea kazi. Nne, kwa muda tulikuwa tunakwenda harusini kwa ajili ya chakula na dua tu, kisha tunarudi nyumbani kabla ya vikao vya usiku. Tano, mmoja wetu alishindwa kwa njia hizi, akaenda kwa daktari, akapewa ubani wa kutafuna wenye nikotini ili ashuke taratibu. Hakuna aibu katika hilo. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usitumie dawa yoyote kabla ya kumuuliza daktari.

Upande wa dini, wanazuoni wengi wa zama hizi wameharamisha uvutaji, na wako waliosema ni makuruhu. Sisi tuliacha kubishana juu ya neno. Allah ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, katika Suratul Baqara, aya ya 195, na sisi tulikuwa tukijua tunakokwenda. Tawba ilikuwa rahisi siku tunayoikumbuka. Ugumu ulikuwa kuirudia baada ya kuanguka.

Maana tumeanguka. Katika sisi watatu, mmoja ana mwezi wa kumi na nne bila moshi. Mmoja alirudi kwenye shisha katika harusi ya jirani, akaanza upya, na sasa ana miezi mitano. Mmoja anahesabu siku, na wiki iliyopita alianza tena kutoka moja. Hatutawaambia nani ni nani. Usiku akizidiwa anatupigia simu, na mmoja wetu hupokea, hata ikiwa saa nane za usiku. Hatumuulizi kwa nini. Tunahesabu naye mpaka 34.

Dada yangu unayesoma haya na mkoba uko pembeni yako, tafuta mtu mmoja wa kumwambia. Awe somo yako, awe dada yako, awe mchumba wako. Na wewe ukiambiwa, fanya kama alivyofanya somo yetu: funga mlango, usimwite mhuni.

Tunaomba Allah atufanyie wepesi sisi na nyinyi, na mtuombee mwenzetu wa tatu. Leo ni siku yake ya sita.