Maji Yanapopenya Paa la Kioo

Mvua ya masika huku Awasi haibishi hodi. Zulia la gari letu lenye paa la kioo lilipolowa, fundi alitaka kupaka silikoni ukingoni mwa kioo. Nilimkatalia. Mpira ule hauzuii maji yote. Yanayopenya hupokewa na mfereji, yakateremka kwa mirija iliyofichwa nguzoni hadi nje. Vumbi na majani huiziba. Fungua paa, mimina kikombe cha maji polepole katika kila pembe ya mfereji, kisha uchungulie chini ya gari: pembe isiyotoa maji ndiyo iliyoziba. Yetu ilikuwa ya mbele kushoto. Mrija tuliuzibua kwa uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, taratibu, kwani upepo mkali wa pampu huweza kuuchomoa. Zulia nalo lianike upesi. Nyaya zilizo chini yake zikioza, zitakula karo ya watoto.