Shahidi wa Kazi Yako

Msomaji, iko siku utahitaji mtu wa kukusemea mahali ambapo wewe mwenyewe hutakuwapo. Leo huenda hulifikiri jambo hili, kwa kuwa mgao wa nafasi za vyuo vikuu vya Kenya hufuata alama za mtihani wa KCSE na machaguo ya mwanafunzi, wala haumdai mtu barua. Lakini ukitafuta msaada wa masomo, au chuo cha ng'ambo, aghalabu utaambiwa ulete barua ya sifa kutoka kwa mwalimu akujuaye. Hapo utalazimika kuchagua shahidi, na kuchagua shahidi ni kazi ngumu kuliko idhaniwavyo.

Nalikuwa katika mwaka wa mwisho wa chuo kikuu nilipotaka msaada wa kuendelea na masomo. Walimu wawili walinijia akilini. Wa kwanza alikuwa profesa mwenye jina kubwa, ambaye darasa lake lilijaa watu hata milangoni. Wa pili alikuwa mhadhiri kijana asiye na cheo, aliyetufundisha kupima udongo. Huyu alinijua mno, na ndiyo sababu nilimwogopa. Mwaka mmoja nyuma, tembo waliingia shamba letu la Rukanga, chini ya mlima Kasigau, wakala mahindi yaliyokaribia kuvunwa. Nilirudi nyumbani nikakesha na baba yangu majuma matatu, tukipiga madebe usiku kucha kulinda yaliyosalia. Niliporejea chuoni nilitoa kazi mbovu, na mhadhiri yule akanirudishia imejaa wino mwekundu. Niliiandika upya mara mbili hata akaikubali. Walakini nilidhani kuwa mtu aliyeniona nikianguka hawezi kunisifu.

Basi nikaenda kwa profesa. Alinipokea kwa upole, akaniuliza jina langu, na kabla sijatoka akaniuliza tena. Kisha akasema, "Kaiandike barua mwenyewe, nami nitatia sahihi." Usiku ule niliketi mbele ya karatasi. Niliandika kuwa mimi ni hodari, mwaminifu na mwenye bidii. Nilipoyasoma maneno yale niliona kuwa mwanafunzi yeyote angeweza kuyavaa, kama kanzu ya kuazima. Tena ulikuwa ushahidi wa uongo, maana sahihi ingekuwa ya mtu ambaye hakuyaona yaliyoandikwa.

Nikampigia baba simu, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, tukiuza ng'ombe, mnunuzi hutaka habari zake kwa nani? Kwa chifu aliyempita njiani, au kwa mchungaji aliyemlisha?" Sikuwa na jibu. Wahenga walisema kitanda usicholala hujui kunguni wake.

Mfano wa jambo hili umo katika historia yetu. Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Aliyemsaidia kuviandikia vyuo vya Marekani hakuwa profesa maarufu. Alikuwa Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyeshughulikia elimu ya kusoma na kuandika kwa watu wazima mjini Nairobi, ambaye Obama alifanya kazi chini yake. Alimwandikia kwa sababu alimwona kazini.

Asubuhi nilimwendea mhadhiri. Nilimwuliza, "Mwalimu, waonaje, unanijua kiasi cha kuniandikia barua njema?" Swali hili, msomaji, nakusihi ulihifadhi, maana humwachia mtu mlango wa kukataa kwa heshima. Akisitasita, mshukuru, utafute mwingine. Barua baridi yaweza kudhuru. Mhadhiri alikubali. Nilimpa muda wa majuma manne, orodha ya alama zangu, na ile kazi mbovu pamoja na ile niliyoiandika upya.

Barua yake sikuiona hata leo, kwa kuwa aliipeleka mwenyewe moja kwa moja. Lakini siku ya usaili mzee mmoja wa baraza alivua miwani, akaniuliza, "Je, tembo wamerudi tena Rukanga?" Ndipo nilipojua kuwa mhadhiri hakulificha anguko langu. Alilisema pamoja na sababu yake, na pamoja na yaliyofuata. Nafasi ile niliipata.

Msomaji, usingoje siku ya kuomba barua ndipo umtafute wa kuiandika. Kuanzia sasa, awepo angalau mwalimu mmoja anayeijua kazi yako: mwulize usiyoyaelewa, mrudishie kazi aliyoikosoa ikiwa imetengenezwa, na usimkimbie kwa kuwa ameuona udhaifu wako. Aliyekuona ukianguka ndiye awezaye kushuhudia kuwa uliinuka.